Umetolewa mtoto wa jicho na umerudi nyumbani: kwa nini wanakukataza wanayokukataza

Upasuaji wenyewe wa mtoto wa jicho huchukua muda mfupi, mara nyingi chini ya nusu saa, na watu wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kazi inayobaki ni ya wiki 4 hadi 6, na hiyo haifanywi na daktari. Inafanywa na mwenye jicho pamoja na anayeishi naye, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Karatasi ya hospitali inasema usiiname. Jirani aliyefanyiwa miaka mingi iliyopita anasema ulale chali bila kugeuka. Shangazi anasema usisome wala usitazame televisheni. Rafiki aliyefanyiwa juzijuzi anasema yeye aliamkia jikoni kesho yake na hakuna lililompata. Wote wanasema kwa nia njema, na kila mmoja ana sababu ya kusema anayoyasema.

Nimemuuguza mama yangu macho yote mawili, moja baada ya jingine. Mara ya kwanza kilichonitesa si wingi wa makatazo. Ni kutojua lipi zito na lipi ni la tahadhari tu, kwa hiyo nilimkemea akiinama kuokota kanga na nikamwacha akijifuta jicho kwa ncha ya kanga hiyohiyo. Nilikuwa nimepindua mambo. Mara ya pili nilikuwa nimeshaelewa kinachoendelea ndani ya jicho, na nyumba nzima ikatulia. Ndiyo maana sitaanza na orodha ya ufanye na usifanye. Nitaanza na jeraha.

Tundu lisiloshonwa

Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyopoteza uangavu wake. Lenzi hiyo inakaa nyuma ya mboni, ndani ya kifuko chembamba mno. Hakuna dawa ya matone inayoisafisha. Njia ni kuitoa na kuweka nyingine ya kutengenezwa. Kwa njia ya mawimbi ya sauti, ambayo Charles Kelman wa New York aliianzisha mwaka 1967, daktari hupitisha kifaa chembamba kwenye tundu la milimita 2 hadi 3, akaivunjavunja lenzi na kuinyonya. Kwa njia ya mkono tundu huwa kubwa zaidi, kama milimita 6 au 7, kwa sababu kiini cha lenzi hutolewa kikiwa kizima. Katika njia zote mbili kifuko huachwa mahali pake, na lenzi mpya inakalishwa humo.

Tundu hilo kwa kawaida halishonwi. Wengi hushtuka wakisikia hivyo: jicho limetobolewa na kuachwa wazi? Halijaachwa wazi. Siri iko kwenye umbo lake. Halitobolewi wima kama tundu la msumari. Linachongwa kwa mshazari, kama kijia kinachopita ndani ya ukuta kabla ya kutokea upande wa pili. Ndani ya jicho kuna majimaji yenye presha, kwa kawaida kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, na presha hiyo huusukuma ukingo wa ndani wa kijia hicho mpaka ukabana. Fikiria mlango unaofungukia ndani. Ukiwa ndani ya chumba ukausukuma, haufunguki, unazidi kujibana kwenye fremu. Jicho linajifunga hivyo, kwa nguvu zake lenyewe.

Sasa tazama kinachotokea mtu akilifikicha. Kidole kikibonyeza, presha inapanda. Kidole kikiachia, presha inaporomoka kwa ghafla, mlango unalegea, na machozi yaliyotanda juu ya jicho yanaweza kunyonywa kuingia ndani, yakiwa na vijidudu vinavyoishi siku zote kwenye kope za kila binadamu. Hatari haiko kwenye kubonyeza peke yake, iko pia kwenye kuachia. Kwa sababu hiyo, katika makatazo yote utakayopewa, lililo juu kabisa ni hili: usifikiche jicho, usilibonyeze, usilifute kwa kitambaa kilichokuwa mkononi. Mengi ya hayo mengine unaweza kujadiliana na daktari wako kulingana na kazi yako na mwili wako. Hili halina mjadala.

Ngao ya plastiki unayopewa uivae usiku ina kazi hiyohiyo. Haiponyeshi kitu. Inazuia mkono wako mwenyewe, maana mkono hauulizi ruhusa ukiwa usingizini, na jicho linalopona huwasha. Wengi huambiwa waivae kila wanapolala kwa muda wa wiki moja hivi, hata usingizi wa mchana. Igandishe kwa utepe kwenye paji la uso na shavuni ili ikae juu ya mifupa, isiguse jicho. Ioshe kwa sabuni kila asubuhi na uikaushe.

Ngozi ya juu ya tundu hujifunga ndani ya siku chache. Sehemu za ndani zaidi huendelea kujijenga wiki baada ya wiki, na hiyo ni sababu mojawapo ya kukuambia usubiri zaidi ya mwezi ilhali wewe unajiona mzima tangu siku ya tano.

Na yule jirani? Jirani hakosei, anasimulia jeraha lake. Kabla ya matundu madogo kuenea, jicho lilifunguliwa kwa kukatwa milimita 10 au zaidi, sehemu kubwa ya ukingo wa konea, kile kioo cha mbele, kisha likashonwa. Nenda nyuma zaidi, mpaka kwa Jacques Daviel wa Ufaransa, aliyeanza kuitoa lenzi kwa kulikata jicho mwaka 1747. Wakati huo jeraha halikushonwa kabisa. Kwa vizazi vingi baada yake mgonjwa alilazwa chali siku nyingi, kichwa kikiwa kimebanwa kwa mifuko ya mchanga huku na huku kisigeuke. Makatazo makali yalizaliwa na majeraha makubwa, na yameendelea kurithishwa hata baada ya jeraha kuwa dogo. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari kabla hujaondoka hospitalini ni fupi: tundu langu ni la aina gani, na limeshonwa au halikushonwa? Ukiambiwa limeshonwa, masharti yako yatakuwa makali kidogo kuliko ya rafiki aliyefanyiwa juzi, na ufuate yako.

Matone, ambayo wengi tunadhani tunayajua

Kwa kawaida utatoka na dawa za matone za aina mbili au tatu. Moja ni antibayotiki, ya kuzuia vijidudu wakati tundu bado changa. Hiyo mara nyingi hutumika wiki moja hivi. Nyingine ni steroidi, ya kutuliza mchochota, yaani ule uvimbe na wekundu ambao mwili hujiletea wenyewe kila unapojeruhiwa. Hiyo huenda wiki 4 hivi, na mara nyingi hupunguzwa kwa ngazi: mara 4 kwa siku, kisha 3, kisha 2, kisha 1. Wengine huongezewa dawa ya tatu ya kutuliza uvimbe isiyo steroidi, na siku hizi zipo chupa zenye dawa mbili ndani ya moja.

Ngazi hizo zina maana. Ukiacha steroidi ghafla kwa sababu jicho limepoa, mchochota unaweza kuibuka upya, jicho likawa jekundu na likaogopa mwanga kana kwamba umerudi mwanzo. Ukiendelea nayo kupita muda kwa sababu unaona inakufaa, kwa baadhi ya watu inapandisha presha ya jicho kimyakimya, na presha hiyo ikidumu huharibu mshipa wa kuonea. Kuikatisha kabla ya muda ni kosa na kuirefusha ni kosa.

Siku ya pili baada ya upasuaji nilimwona mama akijitilia mwenyewe. Aliinua uso, akakaza kope kwa hofu, tone likamdondokea shavuni, akalipangusa na kuniambia, "Tayari, mwanangu." Hakuwa ananidanganya. Alihisi unyevu, akaamini limeingia. Na hayuko peke yake. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014 uliwatazama watu wasiozoea matone wakijitilia dawa baada ya upasuaji huu, na zaidi ya 9 kati ya 10 walikosea hatua moja au zaidi: hawakunawa mikono, au walilikosa jicho, au waligusisha ncha ya chupa kwenye jicho, au walimimina matone mengi kuliko waliyoandikiwa. Wengi wao waliona hawana shida yoyote. Ukimuuguza mtu, mtazame akijitilia angalau mara moja kabla hujamwachia kazi hiyo.

Tulivyofanya sisi ni hivi. Nilinawa mikono kwa sabuni na kuikausha, nikaitikisa chupa iliyoandikwa itikiswe, maana baadhi ya steroidi hutuama chini na ukidondosha bila kutikisa unatoa majimaji yasiyo na dawa ya kutosha. Mama alilala chali, akatazama juu nyuma ya kichwa chake. Kidole kimoja kiliweka uzito kwenye mfupa wa shavu, si kwenye jicho, na kuuvuta ukope wa chini taratibu mpaka kikatokea kifuko kidogo cha rangi ya waridi. Chupa ikawa juu yake, karibu lakini bila kugusa kope. Tone moja. Kisha akafumba kama anayesinzia, si kama anayekaza, nami nikaweka kidole kwa wepesi kwenye kona ya jicho kando ya pua, nikahesabu dakika moja. Kona hiyo ina mfereji unaopeleka machozi puani na kooni. Usipouziba, dawa hupotelea huko, na ndiyo sababu watu wengine husikia uchungu mdomoni baada ya kutia matone.

Tone moja linatosha kweli. Tone la chupa ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kwenye jicho, kwa hiyo la pili halina pa kukaa, linaisafirisha la kwanza kuja shavuni. Kwa sababu hiyohiyo, kati ya dawa moja na nyingine subiri dakika 5. Mkono ukitetemeka, mgonjwa afumbe macho akiwa amelala chali, tone liwekwe kwenye kona ya karibu na pua, kisha afumbue. Litaingia lenyewe, mradi kope ni safi.

Chupa zenyewe zinafanana kupita kiasi, na mtu aliyetoka kufanyiwa jicho ndiye anayetakiwa asome maandishi yake madogo. Nilizungushia mpira mwembamba kwenye chupa ya steroidi, ile nyingine sikuiwekea kitu, na mama akazitofautisha kwa kidole gizani. Ratiba tuliibandika ukutani, saa kwa saa, akichora mstari kila akitia. Tafadhali pia usiziweke droo moja na vichupa vingine, hasa vya gundi kali: watu wameshawahi kujitilia gundi jichoni wakidhani ni dawa.

Kama ulikuwa na dawa za presha ya macho kabla ya upasuaji, usiziache na usizirudishe kwa uamuzi wako. Uliza siku ya kutoka. Na usitie jichoni kitu kingine chochote kwa wiki hizi, iwe dawa ya jirani, mabaki ya mwaka jana, au mchanganyiko wa nyumbani uliosifiwa na mtu unayemwamini. Tundu lenye siku 3 halijui nia njema.

Utakachokiona, na kisichopaswa kukutisha

Usiku wa kwanza huwa na ukungu. Mboni bado imepanuliwa na dawa, kwa hiyo mwanga unakuchoma. Kama ulichomwa ganzi kuzunguka jicho, ukope unaweza kulegea na unaweza kuona vitu viwili viwili kwa saa kadhaa mpaka ganzi iishe. Konea nayo huwa imevimba kidogo kwa sababu kazi imefanyika karibu nayo. Mtu ambaye lenzi yake ilikuwa laini anaweza kuona vizuri asubuhi yake. Aliyechelewa mpaka lenzi ikakomaa na kuwa ngumu, kazi ilikuwa nzito zaidi, na konea yake inaweza kuchukua wiki moja au zaidi kurudi kwenye uangavu. Usijilinganishe na uliyepanga naye foleni, wala jicho lako la pili usililinganishe na la kwanza.

Kuhisi mchanga ndani ya jicho ni jambo la kawaida kabisa, na linaweza kudumu wiki kadhaa. Hakuna mchanga. Vishipa vidogo vya hisia kwenye konea vimekatwa pale tundu lilipopita, jicho linakauka upesi, na matone yenyewe huongeza ukavu. Machozi bandia husaidia, na daktari atakuandikia yanayofaa. Doa jekundu kali kwenye weupe wa jicho, linaloogofya ukijitazama kwenye kioo, mara nyingi ni damu iliyovilia chini ya ngozi nyembamba ya jicho. Haiumi na hutoweka ndani ya wiki 2 hivi. Baadhi ya watu huona kivuli kama mwezi mchanga upande wa sikio, au mwanga unaometameta pembeni. Hilo hutokana na jinsi mwanga unavyoipiga lenzi mpya, na kwa wengi hufifia kadiri ubongo unavyozoea. Mwambie daktari siku ya kliniki, asikie kutoka kwako.

Kuhusu rangi, hapa niruhusu nikae kidogo, maana mama alilia. Siku ya tatu aliniita dirishani akaniuliza ni lini tulibadilisha mapazia. Hatukuwa tumeyabadilisha. Yalikuwa meupe tangu siku ya kwanza, ila yeye kwa miaka aliyaona ya rangi ya krimu. Lenzi inayozeeka haiwi nyeupe tu, inakuwa ya manjano na kahawia, na inazuia mwanga wa buluu usifike nyuma ya jicho. Inafanya hivyo polepole kiasi kwamba mwenyewe hagundui. Ikitolewa, buluu inarudi kwa kishindo. Mchoraji Claude Monet, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwaka 1923, alilalamika kuwa anaona vitu vya buluu kupita kiasi. Kwa wengi wetu ubongo hurekebisha ndani ya wiki au miezi michache, na siku hizi zipo pia lenzi zenye rangi hafifu ya manjano zinazopunguza mshangao huo. Fumba jicho moja, kisha jingine, utazame karatasi nyeupe: utaona mwenyewe ulichokuwa umekikosa.

Tongotongo za asubuhi usizibandue kwa kucha. Chemsha maji, yaache yapoe, lowesha kipande safi cha pamba au shashi, kikamue, kisha pitisha juu ya kope zilizofumbwa mara moja tu kutoka upande wa pua kwenda nje, ukitupe. Kipande kingine kwa mara ya pili. Usiingize pamba ndani ya jicho.

Mwelekeo wa jicho

Katika siku zote hizi kuna jambo moja la kufuatilia, nalo ni mwelekeo. Jicho linalopona huenda upande mmoja: leo ni afadhali kuliko jana, au ni sawa na jana. Maumivu madogo ya siku ya kwanza, yale yanayotulizwa na paracetamol, yanapungua. Wekundu unapungua. Ukungu unapungua. Jicho lililokuwa likielekea kupona likageuza njia linahitaji daktari siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama miadi ni keshokutwa.

Kinachohofiwa zaidi ni maambukizi ya ndani ya jicho. Ni nadra, kwenye vituo vinavyofuata taratibu huwapata wachache kuliko mtu 1 kati ya 1,000. Lakini huja kwa haraka, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza, na yanaweza kuliua jicho ndani ya siku moja au mbili. Alama zake ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, uoni unaoshuka baada ya kuwa umepanda, wekundu unaozidi, mwanga usiovumilika, pengine usaha. Si lazima zote zije pamoja. Tiba yake ni dawa inayochomwa ndani ya jicho lenyewe, kitu kisichoweza kufanyika nyumbani wala kwenye duka la dawa, na kila saa ina thamani. Kuongeza matone uliyo nayo hakusaidii. Kunapoteza muda tu. Kabla hujatoka hospitalini, uliza ni namba gani inapokewa usiku, uiandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa.

Maumivu makali ya jicho na kichwa yenye kichefuchefu au kutapika, hasa usiku wa kwanza, yanaweza kuwa presha ya jicho iliyopanda. Usiyazime kwa dawa za maumivu ukalala. Mimweko ya mwanga kama radi ndogo, mvua ya ghafla ya vidoa vyeusi vinavyoelea, au kivuli kama pazia linaloshuka au kupanda, ni alama za kubanduka kwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hilo linaweza kutokea hata miezi au miaka baada ya upasuaji, na wenye miwani mizito ya kuonea mbali ndio walio karibu nalo zaidi. Nako ni kwenda siku hiyohiyo.

Kuna jingine linalokuja bila kelele. Wiki ya 4 hadi ya 6 hivi, mtu aliyekuwa anaona vizuri anagundua kuwa katikati pamefifia, au mistari iliyonyooka inajikunja. Huo unaweza kuwa uvimbe kwenye kitovu cha retina, na wenye kisukari huupata zaidi. Unatibika, mara nyingi kwa matone, ila lazima uonekane kliniki. Ndiyo maana miadi ya mwezi si ya kupongezana. Mwenye kisukari naye asiishughulikie sukari kama jambo lililo mbali na jicho.

Kuinama, kuoga, kulala na mengine

Haya nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa ukishaelewa mlango na presha utayakisia mwenyewe. Kuokota kitu kwa kupiga magoti, mgongo wima, si tatizo. Kuinamisha kichwa chini ya kiuno kwa muda na kunyanyua mizigo kunapandisha presha, kwa hiyo wengi huambiwa waahirishe kwa wiki 1 hadi 2. Kujikamua chooni ni vilevile, na watu huona aibu kulisema: ukiwa na tatizo la kufunga choo, mwambie daktari akupe cha kulainisha. Chafya ikija, usiibane. Ipige mdomo ukiwa wazi. Kikohozi kinachosumbua kitibiwe.

Oga, ila maji na sabuni visiingie jichoni kwa wiki 1 hadi 2. Nywele zioshwe kichwa kikiegemezwa nyuma. Kuogelea kusubiri mpaka daktari aseme, mara nyingi wiki 2 hadi 4, kwa sababu maji ya bwawa, ya mto na ya bahari yote yana vijidudu. Wanja na vipodozi vya macho navyo visubiri, na ukirudi kuvitumia anza na vipya. Lala chali au ubavu wa jicho lisiloguswa. Vumbi na moshi viepuke, na miwani ya jua hukusaidia mchana kwa vumbi kama inavyokusaidia kwa mwanga.

Kusoma, kutazama televisheni na kutumia simu hakuliharibu jicho hata kidogo. Jicho linaweza kuchoka na kukauka kwa sababu tunasahau kupepesa, basi upumzike. Shangazi anaweza kutulizwa. Kuendesha gari ni suala jingine: usiendeshe siku ya upasuaji, na baada ya hapo subiri mpaka daktari athibitishe kuwa uoni wako umefikia kiwango cha sheria, na wewe mwenyewe uwe umezoea umbali. Jicho moja likiwa jipya na jingine bado lina ukungu, ngazi na ukingo wa barabara hudanganya, hasa jioni. Kwa mzee huo ndio wakati wa kumshika mkono kwenye ngazi.

Miwani na lenzi mpya

Wengi hutegemea kuwa lenzi mpya itamaliza habari ya miwani. Lenzi inayowekwa mara nyingi hulenga umbali mmoja, kwa kawaida wa mbali, na haijinyooshi kama ile ya ujanani. Kwa hiyo utaona barabara na bado ukahitaji miwani ya kusomea. Hilo si kosa la daktari wala upasuaji ulioharibika, na ni bora lisemwe kabla kuliko kugunduliwa kwa uchungu baadaye.

Miwani ya zamani haitakufaa upande wa jicho lililofanyiwa. Kipimo kipya husubiri wiki 4 hadi 6, jicho likiwa limetulia umbo, la sivyo utalipia miwani itakayopitwa na wakati ndani ya mwezi. Katika kipindi hicho miwani ya kawaida ya kusomea inatosha kwa maandishi. Kama macho yako yalikuwa na kipimo kikubwa, mwezi huo utakuwa na kizunguzungu, kwa kuwa jicho moja linaona vitu kwa ukubwa tofauti na jingine. Wengine hutoa kioo cha upande mmoja kwenye fremu, na hiyo mara nyingine ndiyo sababu ya kulifanya jicho la pili mapema.

Lenzi yenyewe haiishi muda wala haihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka. Harold Ridley, aliyeweka ya kwanza London tarehe 29 Novemba 1949, alipata wazo kwa kuwatibu marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege: vipande vilikaa ndani ya jicho na jicho halikuvikataa. Lenzi nyingi za leo ni za akriliki, jamaa wa karibu wa plastiki ile.

Ukungu ukirudi

Baada ya miezi au miaka, baadhi ya watu husema mtoto wa jicho amerudi. Hawezi kurudi, kwa kuwa lenzi aliyoishi ndani yake haipo tena. Kinachotokea ni kwamba chembe chache zilizobaki kwenye kile kifuko huota na kuutia ukungu ukuta wake wa nyuma. Taa za usiku huanza kutawanyika, maandishi yanafifia, na mtu anarudi kuhuzunika akidhani upasuaji umeharibika.

Tiba yake ni miale ya leza inayofungua kidirisha kidogo katikati ya ukuta huo. Unakaa kwenye kiti, kidevu juu ya kifaa, dakika chache, bila kisu. Kwa wengi uoni hurudi ndani ya siku moja au mbili, ingawa vidoa vinavyoelea vinaweza kukufuata kwa muda, na zile alama za retina kubanduka bado unatakiwa kuzikumbuka. Ngao ya usiku haihitajiki tena, wala kulala chali, kwa kuwa safari hii jicho halikutobolewa.